Mfalme wa Kigiriki na Robine ya Murara

Nilichaguliwa kuongoza kamati ya maji ya mtaa wetu wa Murara kwa sababu mimi ni mwalimu na nina sauti kubwa. Sababu nyingine haikuwepo. Watu walikuwa wamesimama mbele ya robine, bomba la kuchotea maji la mtaa, jua linawaka, kila mmoja anataka kurudi kwake. Mama mmoja akasema, "Tumupatie madame wa shule, yeye anajua kusema." Mikono ikainuka, mambo yakaisha. Nikarudi nyumbani nikiwa mama prezidanti. Mume wangu alicheka, akaniuliza kama kuanzia siku ile angepaswa kuomba audience kama kwa mkubwa kabla ya kukaa mezani na mimi.

Robine yenyewe ilikuwa na midomo sita, nayo ilihudumia avenyu tatu. Hapa Goma tuna ziwa zima pembeni mwetu, lakini maji ya kunywa tunayahangaikia kila siku. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe ya volkano. Tiyo, yaani mabomba ya kupitishia maji, zinapita chini ya mawe hayo, nyingine zimefunikwa mara mbili, na wanaojua zinapopita ni wachache.

Kwetu alikuwa mmoja tu. Nitamwita fundi, maana ndivyo tulivyomwita sote, na jina lake ameniomba nisiliandike. Alikuwa Mnyarutshuru, mtu wa Rutshuru, msemaji wa Kinyarwanda, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi. Huko kwao alikuwa amefanya kazi ya tiyo tangu ujana, akiteremsha maji ya chemchemi mpaka vijijini. Vita vilipowakimbiza, yeye na mkewe na watoto walikaa kwanza kambini Kanyaruchinya, chini ya maturubai, halafu wakapata chumba cha kupanga karibu na kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akitafuta maji yanayovuja alisimamisha chuma kirefu juu ya jiwe, akaweka sikio kwenye ncha ya juu, akafumba macho. Watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza wenyewe. Kisha angesema, "Ni hapa," na ikawa hapo.

Vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na pampu zikasimama. Robine ilikauka. Tulishuka ziwani na bidoni zetu, madumu ya plastiki, huku milio ya risasi bado inasikika, tukanywa maji tuliyojua hayanyweki. Siku hizo fundi aliwachukua wanaume wawili, wakapanda hadi kwenye tangi la zamani upande wa juu, wakaanza kuunganisha vipande vya tiyo walivyookota huku na huku. Walifanya kazi siku nne. Siku ya tano, asubuhi, robine ilikohoa, ikatema maji mekundu ya kutu, halafu meupe. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye foleni. Niliona wanawake wazima wakiweka viganja chini ya maji wakiyatazama tu, bila kuyakinga.

Mtaa haukuwa na kitu cha kumpa. Ukampa ufunguo. Kuna kisanduku cha chuma pembeni mwa robine, ndani yake mna vane kubwa inayofungua na kufunga maji yote; ufunguo wake tukamkabidhi yeye. Mkewe akawekewa benchi pale pale, awe anapanga foleni. Fundi aliufunga ule ufunguo kwenye kamba akauvaa shingoni, ndani ya shati. Ilikuwa heshima, na kila mtu alilijua hilo.

Miezi michache baadaye wageni wa shirika moja la msaada walituletea tangi jipya na saruji, na siku ya uzinduzi ikapangwa. Niliandika hotuba ya Kifaransa, kurasa mbili, nikaisoma mbele ya kioo. Niliwashukuru wageni. Niliwashukuru wakubwa wa mtaa, wanakamati, hata uvumilivu wa wananchi niliushukuru. Fundi alikuwa amesimama kando ya kisanduku chake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na shingoni kamba ile inaonekana. Sikumtaja. Ningependa kusema nilisahau, lakini nakumbuka kwamba nilimwona nikiwa nasoma, nikafikiri kwamba jina lake lingevunja mtiririko mzuri wa ile sentensi.

Hotuba ilipokwisha nilimwomba ufunguo ili mgeni afungue maji mbele ya kamera. Akauvua, akanipa. Mgeni alifungua, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa. Nami ule ufunguo nikamkabidhi makamu wangu, bwana mwenye Kifaransa kizuri, kwa sababu wageni walitaka mtu wa kuwaandikia ripoti.

Fundi alinisogelea. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama prezidanti, ufunguo itabakia na nani?"

Wageni walikuwa bado wapo. Nilihisi nimehojiwa mbele yao. Nikamjibu kwa sauti ile ile ya hotuba, "Weye umekuja hapa juzi tu, fundi. Hii robine ni ya batu ya hapa."

Wachache walicheka. Wengi walitazama chini. Yeye alisema, "Sawa, mama," akaondoka. Mkewe aliinuka kutoka kwenye benchi, akajifunga vizuri kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, akamfuata. Sote katika mji huu tumekuja kutoka mahali fulani. Babu yangu alitoka Maniema na msafara wa biashara, na hakuna aliyewahi kumwambia baba yangu maneno yale niliyoyasema mimi. Nilijua hivyo hata nikiwa nayatamka.

Wiki tatu baadaye maji yalikatika. Makamu wangu aliwaita vijana, wakavunja mawe sehemu nne, wakakuta mawe mengine. Robine ilikuwa imekauka kabisa, na lile tangi jipya lilisimama tupu. Wanawake wakarudi ziwani alfajiri. Siku ya sita, jirani yangu, mama mzee anayeuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba yetu, aliteleza kwenye mawe akiwa na bidoni ya lita ishirini mgongoni. Mfupa wa paja ulivunjika.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na uzito wa mchanga. Nilikuwa nimejitayarisha kulaumiwa. Yeye aliuliza tu, "Madame, ule fundi wetu alienda wapi?"

Fundi alikuwa amehama. Alikuwa amerudi upande wa Kanyaruchinya, akajenga chumba cha mbao kwenye kiwanja cha mtu. Nikafanya kile nilichokiona kuwa ni busara ya uongozi: nikatuma wajumbe. Alikwenda makamu, akaenda sheikh wa msikiti tunamosali, akaenda pia mama mmoja wa foleni. Niliwapa gunia la mchele, sukari, na kikwembe cha wax kwa ajili ya mkewe. Nilisema wamwambie kamati inamhitaji.

Walirudi mchana na vitu vyote. Sheikh alinieleza kwamba walipokewa vizuri, wakapewa chai na viazi vya kuchemsha. Fundi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mumuambie mama nimeshukuru. Bitu birudi."

Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu kwamba yule mtu ana kiburi, kwamba watu wanateseka na yeye anakaa kwake kama bwana arusi anayesubiri kubembelezwa. Mume wangu alikuwa anamenya kitunguu. Hakuinua kichwa. Alisema, "Ulipeleka mchele," akaendelea kumenya.

Muhula ule nilikuwa nawasomesha wanafunzi wa mwaka wa mwisho utenzi wa kale wa Wagiriki, ule wa vita vya miaka kumi mbele ya mji wenye kuta. Nina nakala moja tu, tafsiri ya Kifaransa isiyo na jalada, niliyoikuta sokoni Birere kwa mama muuza karanga aliyekuwa anachana vitabu atengeneze vifuko. Nilimnunulia karanga zake zote ili asiendelee kuchana. Utenzi huo niliufahamu tangu nikiwa msichana katika mchepuo wa Kilatini wa sekondari. Jioni nilikuwa namtafsiria baba kwa Kiswahili, naye, dereva wa lori wa njia ya Walikale, alimsikiliza yule mfalme mkuu wa Wagiriki kama anavyosikiliza habari za bosi mbaya. Siku moja aliniuliza, "Huyu mufalme, mbele ya kugombana na batu yake, alikula nao lini?" Nilimwambia kitabu hakisemi. Akasema basi ndiyo shida yake.

Hadithi ni hii. Mfalme mkuu ana askari mmoja anayewapita wote. Jeshi limempa askari huyo zawadi ya heshima. Mfalme, kwa sababu amepungukiwa na yake, anaichukua ile ya askari mbele ya jeshi zima, amwonyeshe nani ni mkubwa. Askari anaingia kwenye kibanda chake na hatoki tena kupigana. Wenzake wanaanza kufa. Mfalme anaona amepotea, anatuma wajumbe watatu wenye heshima, na zawadi nyingi mno. Askari anawapokea kwa ukarimu, anawachomea nyama, na anakataa.

Hapo ndipo tulipokuwa tumefika, wiki hiyo hiyo. Niamini ukitaka: nilikuwa nimeifundisha sura ile mara nyingi, na asubuhi ile niliingia darasani bila kujiona ndani yake. Niliandika ubaoni: Kwa nini alikataa?

Mwanafunzi mmoja alisema ni hasira. Mwingine akasema ni majivuno. Nyuma kabisa alikaa mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mama wa mtoto mmoja, aliyerudi shuleni baada ya kukosa masomo miaka mitatu akikimbia kutoka Masisi. Huwa hanyooshi mkono. Siku ile alisema bila kunyoosha, "Madame, zawadi zilifika. Mufalme hakufika."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Wakati wa kumutukana alikuja yeye mwenyewe, mbele ya batu. Wakati wa kuomba musamaha akatuma bengine. Miguu ilikuwa inauma?"

Darasa lilicheka. Mimi nilikaa kwenye kiti. Nikajifanya natafuta ukurasa. Nilisoma nao sura iliyobaki, kisha nikawaachia kazi ya kuandika.

Jumamosi yake nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kanyaruchinya. Sikubeba chochote. Nilifikiria njiani kama nibebe walau mkate kwa ajili ya watoto, nikaona hata mkate ungekuwa wa kujifichia nyuma yake.

Nilimkuta nje, anachonga mpini wa jembe. Aliniona kutoka mbali, akasimama. Mkewe alikuwa mlangoni. Alinitazama, akaingia ndani.

"Karibu, mama," alisema, akanipa kigoda.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, mimi bingwa wa hotuba. Yalipotea yote. Nikasema, "Papa, nilikukosea. Kazi ya maji ulifanya weye, mi sikukutaja. Ufunguo watu walikupatia, mi nikaunyanganya. Na lile neno nilikuambia halikuwa la kuambia mutu. Nimekuja kuomba musamaha. Sikukuja juu ya tiyo."

Alipitisha kidole gumba kwenye ule mti aliokuwa anauchonga. Kisha akauliza, "Wale batu uliwatuma, walikuambia nini?"

"Kwamba uliwapa chai."

Alitabasamu kidogo. Sijui kwa nini, nikaanza kumsimulia ule utenzi. Nilimsimulia mfalme, askari na wajumbe. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza kile chuma chake. Nilipofika mahali askari anakataa, alitikisa kichwa kukubali. Nilipomwambia kwamba baadaye rafiki mpenzi wa yule askari, akishindwa kuvumilia kuona wenzao wanavyokufa, alivaa silaha za mwenzake akaenda vitani akauawa, fundi aliacha kutikisa kichwa.

"Rafiki alikufa sababu ule mwengine alikaa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilisikia habari ya mama wa makala," alisema. "Nilisikia siku ile ile. Nilichukua chuma changu, nikafika mpaka barabarani, nikarudi. Nikasema, wacha wajue." Akaweka mpini chini. "Mi pia nilikosa."

Nilimwambia hapana, kosa lilikuwa langu. Akasema, "Mama, usininyanganye hata hii kosa," na nilimwelewa.

Halafu aliniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuuliza. "Na wale askari wadogo, wale walikufa katikati, wimbo unasema habari yao?"

Nilimwambia kwamba unasema habari zao. Mamia ya watu wanakufa katika utenzi ule, na karibu kila mmoja anatajwa jina lake, na mara nyingi jina la baba yake, au mto wa kwao, au kazi aliyoijua. Wengine wanatajwa mara moja tu, pale wanapoanguka. Nilikuwa nikiziruka sehemu hizo darasani kwa sababu ni ndefu. Nikiwa nalisema hilo niliona hotuba yangu ya kurasa mbili, na mtu mmoja tu aliyepaswa kutajwa ndani yake, akiwa amesimama hai mbele yangu na shati la pasi.

"Basi ule aliyetunga alikuwa mutu muzuri," fundi alisema.

Alikubali kurudi. Aliweka sharti moja, na hakulisema kwa ukali: neno nililolisema mbele ya watu, nilirudishe mbele ya watu. Mkewe alileta chai. Aliniwekea kikombe chini, karibu na mguu wangu, bila kunitazama.

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ili wengi wawepo. Nilizungumza Kiswahili. Nilisema nani aliyetuletea maji siku za risasi, nikataja jina lake na majina ya wale wawili aliofanya nao kazi. Nilisema neno nililomwambia, kama lilivyokuwa, nikaomba radhi. Nilikuwa nimeogopa kwamba watanidharau. Mzee mmoja akakohoa akauliza, "Sasa maji inarudi lini?" na watu wakacheka kwa ahueni, nami nikacheka nao huku machozi yananitoka.

Makamu alirudisha ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Fundi aliuweka mfukoni, akachukua chuma, akaanza kutembea juu ya mawe, hatua kwa hatua, akiinama na kusikiliza. Sisi tulimfuata kwa mbali. Alipita sehemu zote nne tulizovunja. Karibu na ukuta wa nyumba ya seremala alisimama. Walichimba mpaka kesho yake saa nane mchana. Tiyo ilikuwa imepasuka urefu wa mkono wangu; fundi akaiziba, maji yakarudi.

Tangu hapo alifanya jambo ambalo mimi, kama kiongozi, ndiye niliyepaswa kulifikiria. Aliwachagua wanawake watatu wa foleni akawafundisha njia yote, kutoka tangi la juu mpaka robine, akachora alama za rangi nyeupe kwenye mawe. Alisema yeye ni mtu, anaweza kuhama au kufa, na maji yasihame naye. Mmoja wa wale wanawake sasa anaweza kusikiliza kwa chuma. Anakosea mara nyingi, lakini si kama sisi tulivyokosea.

Uchaguzi wa kamati ulipofika nilipendekeza jina lake. Alikataa pale pale. "Muniachie tiyo zangu," alisema, "mama aendelee na barua." Nikachaguliwa tena, kwa kura chache kuliko mwanzo, na nadhani ni sawa. Siku hizi hotuba zangu ni fupi, na sehemu yake kubwa ni majina. Wageni huchoka kidogo. Siwafupishii.

Mama wa makala anatembea na fimbo. Alirudi kwenye biashara yake, lakini bidoni anachotewa na wengine, na mguu ule hautakuwa tena kama ulivyokuwa. Namsalimia kila asubuhi nikienda shuleni. Hajawahi kunilaumu, na sijaizoea huruma yake.

Mke wa fundi amerudi kwenye benchi. Mumewe alinisamehe; yeye sijui. Huwa ananiita madame, hajaniita mama prezidanti tena, na zamu yangu ikifika ananiruhusu nipite kama anavyomruhusu kila mtu. Juzi nilipoinamia maji alisema, "Madame, bidoni yako imepasuka chini." Niligeuza nikaona ni kweli. Akavuta bidoni ya kwake kutoka chini ya benchi, akanisukumia kwa mguu, na akamwita mtu aliyefuata kwenye foleni.